Sauti ya Pili ya Verlene Stovall

Watu wa bendi yake walimfanya Verlene Stovall amfundishe, jikoni kwake mwenyewe, msichana wa kuchukua nafasi yake, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Huo ndio ubaya aliotendewa. Mengine yote, ya wanamuziki kuja na kuondoka, yalikuwa kazi tu.

Verlene alikuwa mtu wa Oildale, ng'ambo ya mto kutoka Bakersfield, ambako pampu za mafuta huinama na kuinuka nyuma ya nyumba kama kuku wanaodonoa. Wazazi wake walimleta California kutoka Oklahoma akiwa mtoto wa kubebwa, na shule aliiacha kabla hajaizoea, maana pamba haikumsubiri mtu. Alipokuwa mtu mzima, mchana alifungasha viazi. Kuimba alijifunza kanisani kwa Wapentekoste. Kule hakuna aliyesoma noti. Mama mmoja alikuegemea, akakuimbia sehemu yako sikioni mpaka ikakukaa. Yeye alipewa sauti ya pili, ile inayotembea kando ya mwimbaji bila kumkanyaga.

Mwaka 1970 Doyle Rudd, mtoto wa mwanamke aliyechuma pamba pamoja na Verlene, alirudi kutoka Los Angeles na nywele zinazofika mabegani. Alitaka kupiga nyimbo za baba zao, lakini kwa dramu na magitaa ya umeme, kama vijana wa roki.

"Bi Verlene, nywele hizi ni zangu ila masikio ni ya mama yangu. Njoo uimbe nasi."

"Nitaimba, mwanangu. Lakini ukija kula kwangu uzifunge. Sitaki kuzikuta kwenye maharage."

Wakajiita Gari la Pamba. Bendi haikufikisha hata miaka miwili, na muda wote huo watu wake hawakutulia. Mpiga dramu wa kwanza aliitwa jeshini akapelekwa Vietnam. Aliyemfuata alitoka bendi ya roki, na mkono wake ulikuwa mzito. Orval Peavy, mzee wa gitaa la kulaza, lile linalolia kama mtu aliyefiwa, alimvumilia kwa muda. Jumamosi moja, katikati ya onyesho, akafunga sanduku lake.

"Unakwenda wapi, Orval, na nyimbo bado?"

"Dada, yule hapigi dramu, anajenga banda la kuku. Mimi narudi kanisani. Kule kelele zina sababu."

Wanamuziki wa mji ule walikuwa na desturi yao. Anayeondoka hukaa na anayemrithi, kiti kwa kiti, akamkabidhi nyimbo. Lakini watu wa Gari la Pamba waliondoka kwa hasira au kwa kuitwa na serikali, na hakuna aliyemkabidhi mwenzake kitu. Aliyebaki akikumbuka ni Verlene. Kwa kuwa hakuandika, alikuwa na kila kitu kichwani: besi inaingia wapi, gitaa linanyamaza wapi, nani avute pumzi lini. Basi kila mgeni alipelekwa jikoni kwake. Akala, akakaa kwenye kiti kilekile karibu na jiko, naye Verlene akamwimbia sehemu yake sikioni. Wapiga besi walipita pale mmoja baada ya mwingine mpaka akachanganya majina yao, lakini besi yenyewe haikubadilika.

Kwa hiyo Doyle alipomleta Janelle, Verlene hakushtuka. Mwingine angeshtuka. Yeye alikuwa amewafundisha wengi mno.

"Mfundishe sauti yako," alisema Doyle, macho kwenye ufunguo wa gari. "Akusaidie siku ambazo viazi vimekuchosha."

"Viazi havijawahi kunichosha. Unayenichosha ni wewe. Mwache hapa mtoto ale, amekonda kama fito."

Janelle alikuwa binti wa wachuma zabibu, na sauti yake ilikuwa safi lakini yenye haraka. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja, na Verlene alimpa mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa kwenye glasi ya mtindi. Alimfundisha kwamba Doyle, wimbo ukimgusa, huburuta neno la mwisho.

"Usimkimbize. Msubiri kama unavyosubiri mtoto avuke barabara."

"Na asipovuka?"

"Basi unamfuata ukamshike mkono. Ndiyo kazi ya sauti ya pili."

Binti akacheka, na Verlene, ambaye Mungu hakumpa mtoto, akajikuta siku nyingine za wiki anamwekea kando kipande cha mkate, kisha anakumbuka kwamba si Jumapili.

Ukabaki wimbo mmoja, ule wa mwanamke anayeanika shuka za mume asiyerudi. Watu waliposikia Verlene akiingia katika ubeti wa pili, waliweka bia chini. Janelle alikaa kitini, akamshika mkono.

"Bi Verlene, nakushukuru kwa kuniachia nafasi yako. Wengine wangeing'ang'ania."

"Nafasi gani?"

"Ya bendi. Doyle alisema umechoka na safari. Mtu wa kampuni ya sahani za muziki anataka turekodi na kupigwa picha Los Angeles..." Akaona uso wa mwenzake, akamwachia mkono. "Mama yangu! Kumbe hukuambiwa."

Verlene aligeuka akaepua kikaango motoni, ingawa mkate ulikuwa haujaiva. Alijua sasa kwa nini yule mtu wa kampuni, alipokuja kuwasikiliza, alifumba macho yeye Verlene alipoimba, kisha akayafumbua akautazama uso wake usio wa kijana tena. Wimbo ule ulikuwa wake bado. Angeweza kuufunga mdomoni, na Gari la Pamba lingekwenda Los Angeles bila gurudumu.

"Siimbi tena," alisema Janelle akilia. "Naenda kumwambia."

"Kaa chini. Hujanikosea wewe." Akarudisha kikaango motoni. "Wimbo ukifundishwa nusu unamwaibisha aliyeufundisha. Leta sikio."

Jumamosi alikwenda baa ambako bendi ilipiga, amevaa gauni lake la jukwaani, akasimama karibu na mlango aone kama Doyle atasema kweli. Doyle alishika maikrofoni. "Bi Verlene wetu amechoka, ameamua kupumzika. Mpigieni makofi!" Wakampigia kwa nguvu na kwa upendo, naye akalazimika kuinamisha kichwa kama mtu aliyeaga kwa hiari.

Kule Los Angeles waligombana, wakabadilishana watu tena, na hapakuwa na jiko la kuwapeleka wageni. Sahani haikutoka. Gari la Pamba likafia njiani.

Janelle alirudi na mkoba mmoja, na mahali pa kwanza alipobisha hodi ni kwa Verlene. Hadi leo Jumapili wanaimba wawili, na binti hana haraka tena. Yeye hadaiwi kitu.

Doyle anauza matairi mjini. Akikutana na Verlene dukani huzungumzia joto. Anachodaiwa ni sentensi moja: kwamba Verlene hakuchoka, alitolewa. Aliyesema uongo ni yeye, na aliusema mbele ya watu, kwa maikrofoni. Pa kuisemea papo: baa haijafungwa, na wengi wa waliopiga makofi bado wanakunywa humo.