Majani Yasiyonukia

Mtaani walimwita Mama Marashi, ingawa marashi ya dukani hakuwahi kununua. Kazi yake ilikuwa majani ya kangaga, yale yanayoota kwenye mawe yenye unyevu. Yakiwa mabichi hayana harufu, lakini yakinyauka kivulini siku mbili tatu, chumba kizima kinanukia. Mengine aliyafunga kwenye vitambaa, watu wakayaweka kati ya nguo sandukuni. Mengine aliyachemsha katika mafuta ya nazi, ya kupaka watoto wachanga. Na jana jioni alikuwa amempelekea mkaza mwanawe chupa moja, ya mjukuu wa kwanza, mwenye siku tisa.

Asubuhi jirani yake, fundi wa cherehani, akaja kuchukua majani ya kuweka kwenye gauni la bibi harusi. Akainamia ungo, akanusa, akakunja uso.

"Shoga, haya majani au umefagia uwanja? Hayanukii hata kidogo!"

"Acha utani wako. Leo siku ya tatu."

"Nusa basi mwenyewe. Au pua imekwenda likizo?"

Ilikuwa imekwenda kweli. Mafua yalimkamata wiki nzima, akachuma kwa haraka, asiweze kuyanusa yaliponyauka, na kwa aibu hakumwambia mtu. Akaligeuza jani moja. Vidoa vya kahawia havikujipanga mistari miwili katikati, kama kwenye kangaga la kweli. Vilikuwa pembeni, kama pindo. Kangaga pori, lile linalobabua ngozi! Viganja vyake vilivyokomaa havikuwa vimehisi kitu. Lakini ngozi ya siku tisa, na mafuta yaliyochemshwa kwa majani haya haya?

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne kasoro. Unakwenda wapi bila viatu?"

Saa nne mtoto huogeshwa na kupakwa mafuta. Alikwenda mbio, kanga ikimponyoka, akiliona mbele yake lile tumbo dogo limejaa malengelenge. Kwenye ngazi za nyumba ya mwanawe akasikia sauti ndani. Mtoto alikuwa akilia.

Akausukuma mlango bila hodi. Beseni lilikuwa sakafuni, mjukuu uchi kwenye taulo, analia, mwekundu mwili mzima.

"Umempaka? Mwanangu, umempaka?"

"Bado, mama. Analia njaa tu." Mkaza mwana akavuta upande wa kanga, akaficha mkono wa kushoto.

"Nionyeshe."

"Si kitu, mama."

Akaushika, akaufunua. Toka kiwiko hadi kifundo, vipele vilikuwa vimeumuka.

"Mafuta hayakunukia," mkaza mwana akasema, macho chini. "Nikaona nianze na mimi. Ningekwambiaje, na wewe ndiye unayeyajua?"

Mama Marashi akaketi sakafuni kando ya beseni. Akaichukua ile chupa, akaikaza kifuniko, akaiweka mbali.

"Kesho kutwa nakuletea majani mapya," akasema. "Mimi nitachuma. Wewe utanusa."