Kobe wa Marehemu Hortense

Anastase hakuwa mtu wa maneno. Siku ya matanga ya mkewe, Hortense, alikaa kimya kwenye sofa lake kule Hjulsta, ughaibuni, wengine wakasema. Aliyesema kuliko wote alikuwa Bonaventure, kaka wa marehemu, tena akiwa ameshiba samaki ambao Hortense mwenyewe aliwaacha kwenye friza.

Bonaventure alinyoosha kidole pembeni mwa sebule, kwenye sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na kobe mdogo wa kuenea kiganjani. Hortense alipewa na bibi mmoja wa mtaa wa Farsta ambaye Hortense alikuwa akimfanyia usafi, bibi huyo alipohamia nyumba ya wazee. Ni kobe wa jangwani, bibi alisema. Hortense akamwita Précieuse.

"Mtazameni mtoto wa dada yangu," Bonaventure akasema. "Ndoa ya miaka thelathini na nane, ameacha kobe. Na huyo hamalizi mwaka. Mkono wa shemeji yangu haujawahi kukuza kitu."

Wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo. Anastase aliangalia viatu vyake. Moyoni akasema: mwaka. Siku ya kuondoa matanga, mwaka ukitimia, utakaa hapo hapo, na utamwona.

Toka siku hiyo akawa na sababu ya kuamka.

Alimlea alivyojua. Alimfunika kitambaa, akasogeza sanduku karibu na radieta inayopasha nyumba joto. Akamlisha kama mtoto aliyeachishwa ziwa kule kwao Uvira: ugali laini, maharage ya kuponda, mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Précieuse akala, akanenepa. "Unaona, Bona?" mzee aliuambia ukuta.

Mwezi wa nne alimgusa mgongoni, gamba likabonyea kama ganda la chungwa.

Alimtia ndani ya kofia ya sufu, akamficha kifuani, akapanda basi hadi Vällingby. Huko kulikuwa na Gladness, Mtanzania waliyesali naye kanisa moja, aliyefanya kazi kwa daktari wa wanyama.

"Shikamoo, mzee."

"Jambo, binti. Huyu asife."

Gladness akamgeuza huku na huku. "Umempa nini?"

Akamweleza.

"Mzee wangu! Unalea kobe au unanenepesha nguruwe?"

"Nalea shahidi."

Gladness hakuelewa, akachukua karatasi na kalamu. Alijua mzee hasomi, basi akamchorea: jua, jani, jiwe, beseni la maji. Mkate akauchora pia, akaukata kwa mistari miwili. Mzee akaibandika karatasi ile kwenye mlango wa friji.

Akang'oa rafu za kabati la vitabu ambalo halikuwahi kuwekwa kitabu, akalilaza chali. Akamwagia mchanga na udongo. Upande mmoja akaweka jiwe bapa, juu yake taa mbili: moja ya joto, moja yenye mwanga kama wa jua. Upande wa pili, wenye baridi kidogo, akaweka nusu ya chungu kilichovunjika, iwe pango. Mara mbili kwa wiki alimwogesha kwenye maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu. Mfupa wa ngisi aliopewa na Gladness ukawekwa wa kutafuna, gamba likaze.

Kiangazi aliinama kwenye nyasi kati ya maghorofa, akichuma maskros, majani machungu yenye maua ya njano. Bonaventure akapita siku moja.

"Shemeji! Njaa imekufikisha kula majani kama mbuzi?"

"Si yangu. Ya mwenye nyumba."

Mengine aliyakausha kwa ajili ya baridi. Aliyatandaza kwenye gazeti, upande wa kitanda aliokuwa akilala Hortense.

Mwaka ukatimia. Sebule ikajaa tena. Kwao, siku ya kuondoa matanga watu wa upande wa marehemu huandaliwa kwanza, na hakuna agusaye chakula kabla yao. Bonaventure alikuwa amekwisha nawa, mikono ya shati imekunjwa. Sombe, kisamvu cha kwao, ilitoa mvuke mezani.

Anastase akatoka jikoni na sahani ya Hortense, ile ya bati yenye ukingo wa bluu, imejaa majani. Akampita Bonaventure. Akaiweka katikati ya meza, akamweka Précieuse mbele yake. Akamgonga gamba kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko. Gumu kama jiwe.

"Wa upande wa Hortense anakula kwanza," akasema.

"Shemeji, unanilinganisha na mnyama?"

"Hapana. Yeye siku ya matanga hakusema kitu."

Gladness akaziba mdomo kwa kitenge. Wengine hawakuziba.

Précieuse akanusa. Akafikiri. Akauma jani, akalitafuna, akapumzika. Hakuna aliyegusa chakula. Mvuke wa sombe ukapungua, ukaisha. Bonaventure alikaa na mikono aliyonawa, ikikauka juu ya magoti.

Sahani ilipobaki na jani moja, Anastase aliinuka, akaenda jikoni taratibu, akaleta mengine.