Nilibeba Mlango, Nyumba Ikabaki Tunduma

Kompyuta ya mjukuu wangu ilikuwa na vipicha vingi kwenye kioo kuliko inzi kwenye bucha. Kila mteja aliyeleta kazi pale steshenari yetu ya Chapwa, hapa Tunduma, mjukuu alimwekea kapicha kake mbele ili akirudi tusihangaike kutafuta. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, wasifu za marehemu. Hakufuta hata kimoja.

Alipojifungua nikakaa dukani mimi, bibi wa darasa la nne, na sikuona haya. Kusoma nasoma, ila polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kwa hiyo vile vipicha sikuvisoma, nilivipanga. Harusi nilizisogeza kulia, misiba kushoto, barua za serikali chini kabisa. Mteja akiingia nilijua kazi yake ilipo kama ninavyojua matuta yangu ya viazi. Watu walisimama mlangoni kumtazama kikongwe ameshika mausi. Nikawaacha watazame.

Mjukuu alinielekeza mara moja tu, huku ananyonyesha.

"Bibi, hivi vyenye kamshale kadogo pembeni ni njia ya mkato tu. Ukikabonyeza kanakupeleka kwenye kazi yenyewe, iko ndani huko."

"Nimeelewa."

Sikuelewa. Ila miguu yake ilikuwa imevimba, sikutaka kumsumbua, na kila nilipobonyeza kazi ilifunguka. Sasa mtu aelewe nini zaidi?

Kwenye ile safu ya misiba, wa nne kutoka juu, alikuwa dada yangu. Huyo aliandikiwa wasifu angali hai. Aliumwa miezi mingi, nikamleta kwangu Tunduma nimuuguze, na siku moja akasema, "Niandikieni sasa hivi. Nikifa wataandika wanachotaka wao." Mjukuu wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo linamzuia kuifikia meza, lakini alitaipu neno kwa neno.

Dada aliolewa Ileje, milimani juu ya Itumba, akazaa sita. Ila kabla ya ndoa alishazaa binti, kwetu Iyula, na mama yetu ndiye aliyemlea pale kwenye mibuni. Wakwe walimjua huyo binti. Walimkaribisha chai, walimtuma maji, lakini kumhesabu hawakumhesabu hata siku moja. Dada akanishika mkono akasema mtoto wake asomwe mbele ya watu, japo siku hiyo moja ya mazishi. Nikamwahidi. Baadaye akarudi kwake, akafia huko.

Simu ya msiba ilinikuta wino wa printa umekwisha na kichanga cha mjukuu kina homa. Mjukuu akataka kuamka aje dukani.

"Lala," nikamwambia. "Hili najua mwenyewe."

Nikachomeka flashi, nikakachukua kale kapicha ka nne nikakatia humo, nikakaona kwa macho yangu kameingia. Nikafunga flashi kwenye pindo la kanga. Mazishi ni saa nane, nitaprinti hukohuko Itumba. Njia nzima gari linapanda na kushuka, linanirusha, nami nimeshika lile pindo kama nimeshika yai.

Itumba nikaingia kwenye steshenari ya mama mmoja mnene mwenye miwani. Akachomeka, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Bibi, humu hamna kitu."

"Kimo. Kile pale, chenye kamshale."

"Ndiyo, kamshale ndiko kenyewe kalikokuja. Kanatafuta kazi ndani ya kompyuta yangu, na kazi haimo. Umebeba mlango, bibi yangu, nyumba umeiacha Tunduma."

Waliokuwa wanangoja kutoa kopi wakacheka. Mimi nikatafuta pa kukaa. Mtandao wa kutumiana haukuwepo tangu jana yake. Nikampigia mjukuu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alimfunga mtoto kifuani akaenda dukani.

"Bibi, mbona umevihamisha vyote? Hapa naona wasifu chungu nzima, zote zimeandikwa 'wasifu'!"

"Usisome, hesabu. Safu ya kushoto, wa nne kutoka juu, chini ya yule marehemu mzee wa kijiji cha Mpemba."

Nikasikia anahesabu.

"Amefunguka," akasema.

Akawa anasoma kule, simu tumeiweka sauti ya juu, mama wa miwani anataipu huku. Mtoto analia, simu inakatika, tunapiga tena. Karatasi ilipotoka, saa nane ilikuwa imeshafika, na bado kilima chote kilikuwa mbele yangu.

Nilifika udongo umeshajaa kaburini. Shemeji yangu, mdogo wake mume wa dada, alishasoma wasifu wa kwao: watoto sita.

"Karibu, shemeji wa Tunduma," akasema. "Kompyuta imekuchelewesha?"

Nikamtafuta binti wa Iyula kwa macho. Alikuwa kwenye jiko la nje, hatua chache kutoka kaburini, anasonga ugali wa waombolezaji. Kwetu mfiwa hapiki. Anayepika ni jirani, ndiyo pole yake. Ukipewa mwiko kwenye msiba wa mama yako, umeshaambiwa wewe ni nani.

Mzee wa kanisa aliyeongoza ibada akaita watoto wa marehemu waje kuweka mashada. Sita wakasimama. Nikaenda nikamtia mzee karatasi mkononi.

"Wasifu umekwishasomwa, mama."

"Ule ni wenu. Huu ni wake, aliusema mwenyewe."

Shemeji akadakia, "Karatasi hata mimi naweza kuprinti."

Kweli, angeweza. Nimesimama pale, sina kitu kingine cha kuonyesha.

Binti mkubwa wa wale sita ndiye aliyeichukua. Akaisoma kimoyomoyo, mara akacheka huku machozi yanamtoka, akaanza kuisoma kwa sauti. "'Wa nne hajawahi kupenda maji, nilimwogesha kwa fimbo mpaka ana miaka kumi. Wa sita nilimzaa njiani natoka kisimani, akawa wa haraka maisha yake yote.'" Watu wakacheka, na huyo wa nne akainamisha kichwa. "Baba mdogo," akamwambia shemeji, "haya nani angeyatunga? Huyu ni mama anaongea."

Akarudi mwanzo wa karatasi. "'Nilizaa watoto saba, na wa kwanza ni huyu wa Iyula.'"

Shemeji akatazama pembeni. Yule aliyesoma akamkabidhi mzee karatasi, akaenda jikoni mwenyewe.

"Dada, njoo tumwekee mama shada."

"Nikiuacha huu utaungua," akajibu wa Iyula, hajauachia mwiko.

"Uache uungue."