Nimechinja kuku wa Minza

Mke wangu alikufa mwezi wa tatu. Tumebaki mimi na mtoto wetu Minza, ana miaka saba.

Msimu huu Minza aliokota pamba kwa jirani, akalipwa. Nikamwambia usimalizie hela kwenye pipi, weka akiba.
Akanunua tetea. Nikamsifu mtaa mzima.

Leo mama mkwe kaja kutoka Lalago.
Kwetu mgeni wa hivyo lazima achinjiwe kuku.
Kwenye banda kuna kuku mmoja tu.

Nikachinja. Minza alikuwa ameenda kuchota maji.

Tumekaa kula. Mtoto anaangalia bakuli, anaangalia banda.
"Baba, umechinja akiba yangu?"
"Bibi yako kaja, mwanangu."
"Sasa si ungechinja ya kwako?"

Jamani, mbele ya mkwe!

Mama mkwe alikuwa ameshika paja. Akalirudisha kwenye bakuli.
"Baba Minza, ulimwomba?"
"Hapana, mayu, mama yangu."
"Kesho ukimwambia aweke akiba atakusikia?"

Nikamwomba mtoto msamaha, mkwe anasikiliza. Jasho lilinitoka kuliko siku ya kibarua changu cha kupakia pamba.

Minza akanijibu:
"Sawa. Ila nataka tetea. Usiniletee jogoo."
Hapo bibi akacheka, akachukua paja lake.

Wenye watoto, mngefanyaje? Semeni ukweli.

Mimi nimeahidi tetea kabla ya Jumapili. Matajiri wa pamba wana magari mawili ya kupakia, kesho narudi kazini nipate hela yake.