Yowe la Rhobi

Godwin alichukua yowe ambalo Rhobi alilipiga siku nyingine, kwa jambo jingine, akalirusha kwenye simu za watu kana kwamba limepigwa asubuhi ile. Mtu alipoumia, akanyamaza na kumwacha mama wa watu alibebe peke yake. Hilo ndilo alilotendewa Rhobi, na hakuna namna ya kulipunguza likawa dogo.

Rhobi ni mjane wa kijijini Nyarero. Analima mahindi na mihogo, na anachunga ng'ombe wachache alioachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe, Ezra, yuko Mwanza kwenye kazi. Shule Rhobi hakupelekwa. Simu anayo, ile ndogo ya kubonyeza, na anachojua ni kupokea na kukata.

Asiyetoka huku inafaa aelewe habari ya yowe. Ukivamiwa, nyumba ikishika moto, ng'ombe wakiswagwa na wezi, unapiga yowe, na kila anayelisikia anaacha alichoshika na kuja mbio. Asiyekuja anaitwa kwenye ritongo, yaani mkutano wa jadi, aeleze alikuwa wapi. Aliyepiga naye ana deni lake: watu wakifika, asimame awaonyeshe jambo lenyewe. Anayepiga yowe la bure kajiharibia.

Yowe la kwanza la Rhobi halikuwa la bure. Wenye mashine ya kokoto walikuja na nguzo na waya kuizungushia uzio chemchemi ya kitongoji, na vijana wao wakaanza kuchimba mashimo wanawake wakiwa bado wanateka maji. Rhobi aliweka ndoo chini, akapiga yowe. Watu walishuka kutoka kila upande, wengine na majembe waliyokuwa wakilimia. Akawaonyesha mashimo. Hakupigwa mtu. Vijana wa kokoto walipakia nguzo zao wakaondoka.

Godwin alikuwepo, na alikuwa anarekodi. Ni mtoto wa shemeji yake Rhobi, fundi simu pale senta, na ndiye aliyeanzisha kundi la wasapu la kutetea chemchemi. Ile video ilizunguka mpaka kijiji cha Itiryo. Ezra alipiga simu kutoka Mwanza. "Mama, umekuwa maarufu huku." Rhobi akamuuliza kama umaarufu unapalilia mahindi.

Mambo yangeishia hapo. Lakini wenye kokoto walirudi na karatasi, ukaitishwa mkutano ofisi ya kata, na Godwin akatangaza kwenye kundi kwamba wananchi wafurike. Asubuhi ya mkutano wananchi hawakufurika. Ulikuwa msimu wa kupanda, mvua imenyesha, kila mtu yuko shambani. Godwin akaona aibu inamjia. Akaitafuta ile video, akakata picha akabakiza sauti tu, akaituma kwenye makundi yote anayoyajua. Hakuandika kwamba ni ya zamani. Hakuandika chochote.

Watu wakasikia yowe kwenye simu, na sauti ni ya Rhobi, hakuna asiyeijua. Wakaacha mbegu mashambani. Wa Itiryo wakapakizana kwenye bodaboda, wameshika fimbo na mapanga kama watu wanaokwenda kuokoa. Walifika ofisi ya kata, walikojua kuna mkutano wa chemchemi, wakiuliza adui yuko wapi, na askari walipoona mapanga hawakuuliza. Walipiga mabomu ya machozi. Katika kukimbia, Machage, mzee wa Itiryo aliyetoka kwa sababu yowe ni yowe, alitumbukia mtaroni akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembelea magongo.

Saa hiyo Rhobi alikuwa shambani kwake anafukia mbegu. Hata habari hakuwa nazo.

Godwin aliufuta ujumbe. Ritongo lilipoketi, watu wa Itiryo walisema walichosikia: yowe la Rhobi. Rhobi akasimama akasema lile ni la siku ya uzio. Wazee wakauliza, basi nani amelituma? Godwin alikuwa ameketi kwenye nyasi pamoja na vijana wenzake, anachokonoa kucha. Wenzake walijua. Hakuna aliyefungua kinywa. Wazee wakatoa neno: mpaka jambo hili litakapopata mwenyewe, atakayesikia yowe la Rhobi akakaa nyumbani, asilaumiwe.

Mtu wa mjini hawezi kujua neno hilo lina uzito gani kwa mwanamke anayelala peke yake na ng'ombe.

Uzito wake ulionekana mwezi wa kiangazi. Mchana mweupe, jiko la nyasi la Rhobi lilishika moto, na ndani yake alikuwa amefungwa ndama mgonjwa. Rhobi akapiga yowe mpaka koo likachubuka. Jirani yake Beatrice alikuwa anaanika mihogo, shamba moja tu katikati. Alisikia, akaendelea kuanika.

Alikuja baadaye, alipoona moshi. Jiko lilikuwa majivu, ndama amekufa.

"Mama Ezra, nisamehe," alisema. "Nilidhani watoto wanacheza na ile ya simu. Wanaipiga kila siku kule kwangu, wanacheka."

"Na masikio yako, Beatrice? Hayajui simu na mtu?"

"Ni sauti ileile, dada. Ileile kabisa."

Kesho yake Rhobi, aliyekumbuka nani alikuwa ameshika simu siku ya uzio, alikwenda senta. Godwin alikuwa amefungua simu ya mtu, vyuma vimetapakaa mezani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Sijaja kuamkiwa. Ndama wangu ameungua."

"Nimesikia. Pole sana. Nilikuwa nataka nije."

"Ulikuwa unataka uje. Yowe langu ulilichukua kwa ruhusa ya nani?"

Godwin alicheka kidogo, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mama mkubwa, kitu kikishaingia mtandaoni ni cha wananchi. Na mapambano yana gharama zake. Si unaona chemchemi tunayo mpaka leo?"

"Chemchemi niliizuia mimi na wenzangu, na maji yalikuwa yanatufika magotini. Wewe ulikuwa mkavu, umeshika simu. Na yowe si la wananchi. Lina mwenyewe, na mwenyewe hukaa akangoja watu wafike."

"Basi nitaandika kwenye kundi. Nitaomba radhi, leo hii."

"Uandike nisome na nini? Na Machage atasoma na nini? Ulikaa kwenye ritongo unachokonoa kucha. Rudi palepale, usimame, useme kwa kinywa chako."

"Wataniua, mama mkubwa. Na mwaka huu nagombea uenyekiti wa kitongoji."

"Najua unagombea. Wanasema wewe ndiye uliyeokoa maji."

Godwin aliinamia vyuma vyake.

Aligombea, akapita. Ritongo limeketi tena mara kadhaa, na yeye huhudhuria, siku hizi anapewa kiti. Hajasema. Neno la wazee bado limesimama, na Rhobi bado analala peke yake na ng'ombe, akijua kwamba wakija wezi, Nyarero nzima ina ruhusa ya kukaa ndani. Godwin anadaiwa kusimama mbele ya ritongo na kulitaja tendo lake, Machage akiwepo asikie. Wenzake wa kundi, waliojua siku ile wakanyamaza, wanadaiwa kusimama pamoja naye. Na Beatrice na majirani wengine wanadaiwa kuja, Rhobi atakapopiga yowe.