Mhakiki Asiyejua Mapanki

Nilikuwepo mwenyewe, posta ya Nyamagana, siku zile viwanda vya minofu ya samaki vilipoanza kutuachia mifupa ya sangara, ndiyo mapanki. Mhadhiri mmoja akafungua bahasha kutoka jarida la sayansi ya jamii, akaisoma kwa sauti. Makala yake isipochapishwa, hapandi cheo. Mhakiki, msomi mwenzake aliyefichwa jina, ameandika: "Neno mapanki halipo. Ondoa sehemu hiyo yote."

Mama muuza mapanki wa Kirumba, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akadakia, "Nani huyo, mwanangu?"

"Hatuambiwi, mama. Naye hajui mimi ni nani."

"Basi mwandikie aje sokoni kwetu Mwaloni, nimkaangie hilo neno lisilokuwepo."

Mhadhiri akaandika hivyo hivyo, kwa kalamu yangu. Makala ikakubaliwa.

Hapo pa kukubaliwa nimetunga mimi. Jibu halijafika hadi leo, wahakiki hawana haraka na cheo cha mtu.