Somo la Kumi na Nne Linafika Goma

Nilikwenda Goma kupeleka karatasi nane ambazo nilipaswa kuzitoa miaka kumi na moja mapema.

Zilitoka kwenye mafundisho ya yogi mmoja, Mhindu aliyeondoka India zamani akavuka bahari kwenda kuwafundisha Wazungu kukaa kimya na kutafakari. Baada ya kufa kwake wanafunzi wake waliendelea kuyatuma kwa posta, somo baada ya somo, kwa Kifaransa, kwa yeyote aliyejiandikisha. Mimi niliyapokea kupitia sanduku la posta la Cyangugu, upande wa Rwanda, ng'ambo ya Bukavu kwetu. Rafiki yangu Papa Kambale, mfanyabiashara wa maharagwe, mzaliwa wa Butembo, aliyapokea kupitia Gisenyi, ng'ambo ya Goma. Yeye ndiye aliyeniingiza. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili, na alipenda kusema kwamba yogi yule anamheshimu Yesu kuliko makatekista fulani anaowajua. Kabla ya somo la kwanza kila mmoja wetu alitia sahihi ahadi ya kutowaonyesha watu karatasi hizo.

Kisha volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Nyumba ya Kambale huko Goma, mtaa wa Mabanga, ilifunikwa na lava pamoja na masomo yote. Wiki chache baadaye alikuja Bukavu kuniona. Waasi walikuwa wameshika miji yetu yote miwili, barua zilikuwa hazifiki, na kila alipokaa kutafakari alisikia risasi. Somo la kumi na tatu, la mwisho kumfikia, lilisema kwamba linalofuata litaeleza la kufanya makelele yanapokuja. Mimi nilikuwa nalo; lake lilipotea njiani, langu lilifika. Aliomba kulinakili.

Nilikataa. Nilimwambia nimeahidi. Hiyo ilikuwa sababu, lakini si yote. Nilikuwa mbele yake kwa somo moja, na nilipenda kuwa mbele. Alimaliza chai yake, akasema, "Sawa, ndugu. Kama uliahidi, uliahidi."

Hatukuonana tena. Mwaka huu, nikipanga makaratasi yangu, niliisoma ahadi ile upya. Ilikataza kuwaonyesha wasiojiandikisha. Kambale alijiandikisha kabla yangu. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari maisha yangu yote, nimesahihisha habari za wengine, na karatasi niliyoitia sahihi mimi mwenyewe sikurudi kuisoma. Wiki hiyohiyo redio ilitangaza kwamba vita vya waasi vimekaribia Goma tena na mabomu yameangukia mitaa. Nikakata tiketi.

Saa moja na nusu asubuhi boti ya kasi iliondoka Bukavu. Tulipita kando ya kisiwa cha Idjwi, mashamba yake yakishuka hadi majini. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa amepakata jogoo, na kila boti iliporuka juu ya wimbi alimwomba jogoo radhi. Bahasha yangu niliiweka ndani ya shati.

Saa tano kasoro tulifika Goma. Bandarini askari aliifungua bahasha, akageuza karatasi moja moja.

"Hii makaratasi ni ya nini, muzee?"

Nilimjibu kuwa ni masomo ya kukaa kimya. Alimwita mwenzake aje asikie. "Huyu muzee analeta kimya Goma," alimwambia. "Tumuachilie apite, tunaihitaji." Walicheka wote wawili, nami nikapita.

Saa sita nilikuwa Mabanga. Ilipokuwa nyumba ya Kambale pana nyumba nyingine sasa, ya mbao, juu ya mawe meusi. Ya kwake iko chini, na masomo yake kumi na matatu pamoja nayo. Jirani, fundi wa kushona anayeitwa Mama Nyirahabimana, alimkumbuka vizuri. Aliweka mkono juu ya mashini yake ya kushona akanisimulia kwamba siku ya lava mumewe alikuwa safarini Masisi, na Kambale aliibeba mashini hiyo kichwani mpaka Gisenyi.

"Nilimuambia arudilie vitu vyake," alisema. "Akasema vyake ni makaratasi tu, na rafiki yake wa Bukavu ana ingine."

Nilimshukuru. Alinielekeza Katoyi, upande wa magharibi wa mji, anakoishi Kambale sasa, nikapanda pikipiki. Njia nzima dereva alinieleza bei ya mafuta, nami sikumsikia.

Saa nane nilimkuta Kambale amekaa mlangoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Amekonda. Nilimsalimia mara mbili, hakuinua kichwa. Mkewe, Mama Kavira, alitoka akanishika mkono.

"Usione vibaya, papa. Hasikii tena. Bomu ilianguka nyuma ya choo ya jirani. Umuandikie, atasoma."

Basi mimi niliyemkatalia kuandika nikaandika. Niliandika jina langu, nikaandika kwamba nilikosa, nikampa bahasha. Alisoma karatasi zote nane, kidole kikifuata mstari, midomo ikitembea. Somo lenyewe ni jepesi: usishindane na sauti, iache ipite kama mtu anayekwenda kwa jirani, wewe urudi kwenye pumzi yako.

Alipomaliza aliongea kwa nguvu, kama wasiosikia wanavyoongea, mpaka majirani wakageuka.

"Ni nzuri, ndugu. Lakini kwangu makelele iliisha." Alizikunja karatasi vizuri, akanirudishia. "Umupatie Kavira. Yeye bado anasikia."

Mama Kavira alicheka kidogo. "Mlango ikifungwa kwa nguvu tu, mimi niko chini ya kitanda. Lakini mimi sikuandikishwa, papa. Na Kifaransa yangu ni ya sokoni."

Safari hii ahadi ilinikataza kweli. Nilivuta kiti, nikalitafsiri somo lote kwa Kiswahili kwenye daftari lake hadi saa kumi na moja. Kambale alirudi kwenye maharagwe yake. Mara mbili mizinga ililia mbali, upande wa Kibati. Mimi na Mama Kavira tulishtuka pamoja, Kambale aliendelea kuchambua.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwa boti ileile, bahasha tupu. Nilichojifunza ni kidogo, na hakimsaidii Kambale: aliniomba wakati alipohitaji, na wakati ule ndio uliokuwa wa kutoa.

Tulipofika katikati ya ziwa nilifumba macho nikajaribu somo la kumi na nne. Injini ilikuwa na kelele nyingi, niliiacha ikapita. Watu walikuwa wakiongea, niliwaacha wakapita. Sauti ya Kambale akisema, "Kama uliahidi, uliahidi," haikupita mpaka Bukavu.